Generose na Mlango wa Ziwani

Kwetu Makobola, upepo ukianza kupiga kutoka ziwani, kila mwenye akili zake anafunga mlango. Unasikia makomeo yakigonga nyumba baada ya nyumba, akina mama wanaita watoto, mabeseni yanaingizwa ndani, mbuzi wanavutwa kwa masikio. Katikati ya kelele hizo zote, Generose yeye alikuwa anafungua. Aliusukuma mlango wake mpaka mwisho, akauwekea jiwe usirudi, kisha akasimama kizingitini na kuwaita waliokuwa njiani na ufukoni waingie.

Na alipoita, uliitika. Generose ni mfupi, ana mabega ya mtu aliyelima tangu utotoni, na akicheka anafunika mdomo kwa kiganja kama msichana. Lakini sauti! Huwa anaanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, pale ufukoni, na wavuvi wanasema akimwita mtu aliye mtumbwini, hata samaki wanageuka kuangalia. Kanisani kwao Wakatoliki walimwomba aimbe akiwa amesimama nyuma ya nguzo.

Mimi ni jirani yake. Watu wananiita Mama Ornella, jina la binti yangu wa kwanza, na kati ya uwanja wangu na wake kuna uzio wa matete ambao mbuzi wake wameshaula nusu. Kwa miaka nimeona waliokimbilia mlango ule. Wauza samaki na mabeseni yao kichwani. Mwendesha pikipiki na abiria wake, na pikipiki yenyewe. Mlevi mmoja aliyelala humo mpaka Jumapili. Hata mchungaji wa kanisa letu la Kiprotestanti aliwahi kukwama humo, akanywa chai chini ya picha ya Bikira Maria, na Jumapili iliyofuata hakusema neno juu ya sanamu za watu. Mimi nilikuwa nabaki kwangu, mlango nimefunga, nachungulia kwenye ufa na kunung'unika. Kwa nini awe yeye peke yake? Mtu mkarimu kupita kiasi anawachosha majirani, kwa sababu anawafanya waonekane wabaya bila kuwatukana.

Sasa, juu ya upepo wenyewe. Sisi wa huku hatuna chombo cha kuupimia. Tunaupima kwa kile ulichobeba. Kuna upepo wa nguo, unaochukua kitenge kwenye kamba na kukitupia kwa jirani, na kitenge kikiwa kizuri jirani hakioni mpaka jioni. Kuna upepo wa ndagala, unaofagia samaki waliotandazwa. Kuna upepo wa migomba, unaochana majani na kulaza mashina. Baada ya huo kuna upepo wa mabati, na juu ya wa mabati kuna ule unaong'oa mti pamoja na mizizi yake, ambao nimeuona mara moja nikiwa msichana na sina hamu nao tena. Ukimwambia mtu wa Makobola kwamba jana ilikuwa ya migomba, hakuulizi zaidi.

Na hapa ndipo palipokuwa na fumbo. Katika muda wa miaka miwili paa la Generose lilibebwa mara mbili, na mara zote mbili upepo ulikuwa wa migomba tu. Nyumba zetu zote zilibaki na vichwa vyao. Ya kwake ikavuliwa kofia.

Mara ya kwanza tulilia naye, tukachanga. Fundi Havyarimana, yule wa Songo, mjini Uvira, anayejulikana kwa kuezeka, alikuja akapiga misumari mirefu zaidi. Akaongeza na waya, na sisi majirani tukamshauri Generose aweke na mawe juu, kama wengi wanavyofanya huku. Mara ya pili paa likaenda na misumari yake na waya wake, na mawe yakaingia ndani. Moja lilitua juu ya mto wa Bibi Nabintu, mama mkwe wake, ambaye siku hiyo alikuwa ameketi mkekani akipiga soga na wageni. Nilipouona ule mto umepasuka, sufi nje, nilikaa chini.

Lazima niseme kidogo juu ya Bibi Nabintu, maana bila yeye hakuna Generose wa Makobola. Generose ni mtoto wa bonde la Ruzizi, wa wakulima wanaosema Kirundi. Wakati wa vita vya kwanza vya huku kwetu alikimbia, akapotezana na watu wake njiani, akashuka na barabara ya Fizi peke yake, msichana mwenye nguo moja. Alipofika hapa kwetu dhoruba ikamkuta. Aligonga milango, na kila mlango ulikuwa umefungwa, na nyuma ya kila mlango watu walinyamaza. Wakati ule nani angemfungulia asiyemjua? Hata kwetu aligonga. Mama yangu alitushika midomo. Kisha Generose akaona nyumba moja ya nyasi, mlango wazi, na mwanamke amesimama ndani. Mwanamke huyo alikuwa Nabintu. Generose hakuondoka tena. Aliolewa na Achille, mtoto wa mwanamke huyo, akazaa naye, na ugonjwa ulipomchukua Achille, ndugu wa mbali wa kule bondeni walikuja kumrudisha nyumbani akakataa. Watoto wake wameshakua, mmoja yuko Lubumbashi, mwingine ameolewa kule Baraka. Yeye amebaki na mama mkwe.

Ndiyo maana aliapa kwamba mlango wa nyumba ile hautafungwa kwa upepo wala kwa mvua maadamu yeye yu hai. Hakuna aliyemlazimisha. Aliapa tu, na akashika kiapo hata nyumba ya nyasi ilipobomolewa na Achille akajenga ya matofali na mabati mahali pale pale, mlango ukiangalia ziwa pale pale.

Baada ya paa la pili kwenda, Havyarimana alikuja tena. Mara hii hakuja kama fundi mwenye kazi, alikuja kama mtu aliyetukanwa. Huyu ni mwanamume mrefu anayejipenda, anavaa kofia ya chama kisichokuwepo tena, na ukimpa nafasi atakuonyesha kila paa lake kuanzia Songo mpaka hapa. Kwa jina lake kubwa, paa moja kuruka mara mbili ilikuwa aibu. Alizunguka nyumba mikono nyuma. Yeye na Generose walianza kugombana kwa Kirundi, haraka haraka, mpaka wakakumbuka kwamba nami nipo.

"Ilikuwa kimbunga," Generose akasema, kwa Kiswahili sasa, akiniangalia ili nimuunge mkono. "Minye nilisikia ku radio. Kule Musumbiji kimbunga ilibeba mabati ya muji muzima. Basi na ya kwangu ilikuwa ile."

"Yampayinka! Kimbunga gani, dada?" Havyarimana akashangaa kwa Kirundi, akavua kofia. "Kimbunga iko nazaliwa mu bahari. Iko nakula maji ya moto ya bahari. Ikipanda ku inchi kavu, inakosa chakula, inachoka, inakufa. Huku hatuko na bahari. Na tuko karibu sana na ikweta, mupepo haiwezi kuzunguka vile. Tena kimbunga inapiga tangu asubui mpaka magaribi. Hii yetu inapiga muda ya kusonga bugali, inamalizika."

"Ilibeba paa yangu."

"Ilibeba paa yako, njo, ni kweli. Sasa angalia choo ya Mama Ornella."

Tukageuka wote kukitazama choo changu. Ni choo cha matete na shitingi kuukuu, turubai la plastiki, mlango wake ni gunia, na kweli kinaegemea upande kidogo.

"Choo yangu imekukosea nini, fundi?" nikamuuliza.

"Haijanikosea kitu, mama. Ile choo hata kuku ikikohoa inatikisika. Na imesimama! Muntu akitaka kujua nguvu ya mupepo, asiangalie tu kitu ilivunjika. Aangalie na kitu ilibakia. Kama kimbunga ingepita hapa, ile choo tungekuwa tunaitafuta Burundi."

Nilikasirika, lakini nilicheka. Generose hakucheka. Nami nilimwelewa kuliko nilivyotaka. Mtu aliyebebewa paa na kimbunga amepatwa na msiba, anaambiwa pole, anachangiwa. Mtu aliyebebewa paa na upepo wa migomba anaulizwa maswali. Neno kubwa lilikuwa limemsitiri, na fundi alikuwa anamvua.

Havyarimana aliendelea, maana akianza haachi. Alituambia kwamba watu wengi wanafikiri upepo wa mbio mara mbili una nguvu mara mbili. "Hapana. Bati moja, mupepo ikiwa ya kawaida, minye peke yangu nalishika juu ya mubao. Mupepo ikiongeza mbio mara mbili, munafikiri tunahitaji bantu babili? Banne! Ikiongeza mara tatu, kenda. Na bale kenda bashike vizuri, juu bakicheza bataruka nayo. Kwa hiyo ile ya ku radio siyo kaka mukubwa ya mupepo yetu. Ile ni munyama ingine."

"Basi kama mupepo yetu ni ndogo, juu ya nini inakamata nyumba yangu tu?" Generose akauliza. Hapo sauti yake ilikuwa imeshuka.

Havyarimana aliomba gunia tupu la unga. Siku hiyo kulikuwa na upepo kidogo wa ziwani, wa nguo tu, hata ndagala walikuwa wametulia. Alilishika gunia kwa pembe mbili, mdomo akaufungua kuelekea ziwani. Gunia likajaa mara moja, likavimba, likawa linamvuta mikono. Kisha akaligeuza, mdomo ukaelekea mlimani. Gunia likalala, likashikamana lenyewe kwa lenyewe, kimya.

"Nyumba yako njo hii," akasema. "Juu ya bati, mupepo ikipita iko navuta bati kwenda juu. Hiyo iko ku nyumba yote, na misumari inaweza kuishinda. Lakini weye unafungua mulango ku ziwa. Mupepo inaingia. Hakuna fasi ya kutokea. Inasukuma bati kutoka mu ndani, na ya inje inavuta. Moja inasukuma, moja inavuta. Musumari gani itashinda? Zamani, nyumba ya nyasi, mupepo ilikuwa inapita mu nyasi inaenda. Bati haipumui, dada."

Nilijikuta nikisema ile methali ya mgeni njoo mwenyeji apone. Havyarimana akanigeukia. "Huyu mugeni ni mupepo, haiponyake muntu, Mama Ornella."

Kisha akasema neno lake. Mabati mengine yalikuwa yamepindika lakini yangenyooshwa, mbao zilikuwepo, yeye angefanya kazi. Ila hatapiga hata msumari mmoja mpaka Generose aahidi kwamba upepo ukija kutoka ziwani mlango huo utafungwa.

"Siahidi," akasema Generose.

"Basi sipigi."

"Usipige."

Havyarimana akavaa kofia yake, akaenda.

Generose na Bibi Nabintu wakabaki chini ya shitingi iliyofungwa kwa kamba juu ya kuta. Mvua za kwanza zikaanza. Bibi akaanza kukohoa, kikohozi kikavu mwanzoni, baadaye kizito. Mimi nilimpelekea uji, na kila nikitoka nilikuwa na hasira zaidi kuliko nilivyoingia. Nilimwambia Generose wazi wazi: mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, na wewe si Mwislamu, hiyo Idi utaisubiri mpaka lini? Nilimwambia kwamba ukarimu wake umegeuka kiburi. Nilimwambia kwamba anawahurumia wapita njia na kumuua mama wa mume wake. Alinisikiliza, akanipa bakuli langu likiwa limeoshwa, akasema, "Aksanti kwa uji."

Habari zikafika Uvira mjini. Sylvestre, mtoto wa kaka yake Bibi, anakaa Rugenge, ana nyumba nzuri yenye dari. Alikuja kumtazama shangazi yake, akaona maji yanavyodondoka kutoka kwenye shitingi, akasema kwa adabu lakini bila kuzunguka kwamba Jumamosi atarudi na gari kumchukua. Shangazi hatarudi tena Makobola, akasema. Na kama Bibi anaondoka, basi Generose naye afikirie kurudi kwao bonde, maana kiwanja hiki ni cha ukoo.

Hapo niliacha hasira. Nilimwona Generose anakunja nguo za Bibi na kuzikunjua na kuzikunja tena. Alikuwa amepoteza watu wake mara moja katika barabara ile ile. Sasa alikuwa anapoteza yule aliyempata badala yao, na dawa ilikuwa mkononi mwake, na mkono ulikataa.

Jumamosi hiyo nilikuwepo. Sylvestre alikuwa nje akiongea na dereva. Generose alipiga magoti mbele ya mkeka wa Bibi na kuanza kumfunga kitambaa kichwani, na machozi yalikuwa yanaanguka juu ya kitambaa.

"Mama, unisamehe," akamwambia. "Ningefunga mulango, ungebakia. Najua. Lakini namna gani nitafunga mulango weye ulinifungulia?"

Bibi Nabintu amekuwa mzito wa kusikia. Akainua kichwa. "Mulango gani?"

"Mulango wa hapa. Ile siku. Nyumba zote zilikuwa zimefunga, weye ukafungua."

Bibi akamtazama kwa muda. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamshika mgongo, akanisukuma aendelee kucheka.

"Mutoto wangu," akasema alipopata pumzi, "ile siku mulango haikukuwa. Mupepo ilikuwa imeibeba asubui. Achille alienda kuitafuta ku maji, hakuipata. Ilienda na bawaba zake."

Generose mikono ikabaki hewani.

"Sikufungua kitu," Bibi akasema. "Kama mulango ingekuwa, ningefunga. Ningefunga kabisa, na komeo, na kinu nyuma yake. Ilikuwa vita. Nilikuwa naogopa kama bengine bote."

Nilisikia dereva wa Sylvestre nje akicheka jambo lake. Nilimwonea Generose huruma mpaka nikataka kumziba bibi mdomo. Maisha yote ya mtu huyu yalisimama juu ya mlango ule, na mama mkwe alikuwa ameuondoa kwa kicheko.

"Ungefunga," Generose akasema polepole.

"Ningefunga."

"Na minye ningepita."

"Ungepita, njo, kama ulivyopita ku bengine." Bibi akamshika kidevu, akakivuta karibu na uso wake kwa sababu hata macho yake si mazuri sana. "Lakini ulisimama pale inje, maji inakutiririka. Hukuingia. Fasi ilikuwa wazi na hukuingia, juu ya adabu yako. Nani alikuambia karibu? Mupepo?"

Generose akatikisa kichwa.

"Mupepo ilifungua nyumba. Karibu nilisema minye. Nilitetemeka, nikasema. Sasa unashika mulango ya nini?"

Generose aliinama, akaweka paji la uso wake kwenye magoti ya mama mkwe, akalia kwa sauti ile yake, mpaka Sylvestre akaingia mbio akidhani bibi amekufa.

Bibi hakwenda Rugenge siku hiyo. Alimwambia Sylvestre arudi na gari lake, na kama ana nafasi ndani yake, apitie Songo amwambie fundi Havyarimana aje. Sylvestre ni mtu mzuri, alifanya hivyo. Na Generose alilitoa lile jiwe alilokuwa akizuilia mlango, akalipeleka ufukoni kukandamizia nyavu za kuanikia ndagala. Nilimwona akilibeba kifuani, nikajifanya sijaona.

Havyarimana alikuja na nyundo na maneno. Kabla ya kugusa paa alitoboa ukuta wa nyuma, upande wa mlimani na barabarani, akaweka mlango wa pili. Akamweleza Generose kwamba upepo wa ziwani ukija, ule wa mbele ufungwe na kukazwa, huu wa nyuma unaweza kuwa wazi, maana hapo upepo haumwagiki ndani, bali mlango huo unaisaidia nyumba kupumua. Upepo ukija kutoka mlimani, afanye kinyume. Akayanyoosha mabati, akaziba matundu kwa lami, akazifunga mbao na kuta kwa vyuma, si kwa waya. Mawe aliyakataa. "Jiwe haishikake bati," akasema. "Inangojea tu siku ya kuanguka." Wiki ile majirani kadhaa walipanda juu ya nyumba zao na kuyashusha ya kwao, kila mtu akisema alikuwa ameshafikiria hivyo tangu zamani.

Niseme ukweli, nilidhani mambo yameishia pale. Nilidhani Generose atakuwa sasa kama sisi, mlango umefungwa, wengine watajijua. Na tena nilisikitika kidogo, mimi niliyemsema miaka yote. Binadamu haeleweki.

Kisha ikaja siku ya mabati. Ilikuwa mchana, nilikuwa ufukoni nimeinama naokota ndagala zangu, na ziwa lilikuwa shwari. Wingu lilishuka juu ya maji upande wa pili, jeusi chini, na kabla sijajaza beseni nusu nilisikia mngurumo. Nguo zilienda. Ndagala wakaenda, na beseni likawafuata. Nilipogeuka, migomba ilikuwa imeshalala, na bati la mtu fulani lilipita juu ya kichwa changu likipiga kelele. Nilikimbia bila kuona, mchanga machoni, mvua inapiga kama changarawe. Nyumba yangu niliikosa. Mkono wangu ukagusa ubao, nikaujua: ni mlango wa Generose, ule wa ziwani.

Umefungwa.

Nilipiga kwa ngumi zote mbili. Miaka yote nimemwambia funga, funga, na sasa umefungwa, na aliye nje ni mimi. Nilikumbuka mkono wa mama yangu juu ya mdomo wangu, na msichana aliyegonga kwetu. Niliogopa, na nilijua kwamba sina haki ya kumlaumu mtu yeyote.

Ndipo nikaisikia ile sauti. Haikutoka nyuma ya mlango. Ilitoka pembeni, kwenye kona ya nyumba, nje, katika mvua ile ile.

"Zunguka! Mama Ornella, zunguka huku! Shika ukuta! Karibu, karibu!"

Alikuwa amesimama hapo, mkono mmoja umeshika chuma cha dirisha, kitenge kimemganda mwilini, kitambaa cha kichwa kimeshabebwa. Mlango haukuweza tena kumwitia watu, kwa hiyo alikuwa ametoka kuwaita mwenyewe. Alinishika mkono, akanivuta ukutani mpaka nyuma, akanisukuma ndani.

Ndani kulikuwa na watu wamejazana, waendesha pikipiki, wanawake wa sokoni, na mbuzi wangu wawili waliofika kabla yangu. Bibi Nabintu alikuwa mkekani chini ya dari ya kelele. Mabati yalikuwa yanalia, mbao zikilalamika, na wote tulikuwa tunatazama juu. Lakini paa lilikaa. Nilichungulia kupitia mlango wa nyuma na kuona choo changu kikinyanyuka, gunia na yote, kikavuka uzio taratibu kana kwamba kimeitwa, kikapotea. Basi nikajua upepo ule ulikuwa na nguvu gani, na nikajua paa hili limeshinda nini. Nilicheka na kulia kwa pamoja.

Mtu akanipa kitenge kikavu. Nilimtafuta Generose nimshukuru, sikumwona. Bibi alinishika mguu, akanivuta niiname kwenye sikio lake, maana kwa kelele zile hata mwenye masikio mazima asingesikia kitu.

"Generose iko wapi?" akaniuliza.

Nikasikiliza. Kwenye kona ya nyumba, katikati ya mngurumo, ile sauti ilikuwa bado inaita.

"Iko inje, mama," nikamwambia. "Iko nasema karibu."